Mbolea ya mbuzi iliyounguza kitalu: kisa cha shamba moja Utange

Mwezi Aprili 2023, jua halijachomoza sawasawa, shangazi alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa haraka, kisha akasema: "Njoo uone, mwanangu. Miche yangu imeungua, na moto sijauona."

Shamba lake liko Utange, Kisauni, hapa Mombasa. Ni robo tatu ya ekari, na ndilo lililosomesha watoto wake wawili kwa mchicha, bamia, sukuma wiki na biringanya, mboga zinazopakiwa kwenye tuktuk kungali giza ziwahi soko la Kongowea. Nilimkuta amechutama kwenye tuta la tatu, mche wa biringanya mkononi. Kingo za majani zilikuwa zimekauka na kugeuka kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Juu, shina lilikuwa bado bichi, lakini pale linapogusa udongo lilikuwa limesinyaa. Nikafukua mizizi. Haikuwa myeupe, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Katikati ya miche iliyokuwa ikifa kulikuwa na kitu kingine kinachostawi: vimche vyenye majani madogo madogo yaliyopangana kama ya mkwaju. Shangazi alidhani ni mikwaju kweli. Niling'oa kimoja, nikaona vimiiba vinaanza kuchomoza kwenye shina. Ilikuwa mathenge, mti wa miiba unaoenea kama gugu. Kwenye tuta lile moja tulihesabu vimche 23.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ametandaza mbolea ya mbuzi kwenye matuta yote manane.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila nikiuliza habari za mbolea ya mbuzi, naambiwa neno moja tu: ni nzuri. Ni kweli, ni nzuri. Lakini kati ya mbuzi na tuta ipo safari, na uzuri huo hupotea njiani kwa namna ambazo mkulima hazioni mpaka amekwisha lipa. Na mimi nina sehemu yangu katika hasara ile. Shangazi aliponiuliza kama mbolea iko tayari, nilichukua konzi moja, nikaisugua, nikaona ni kavu na haina harufu. Nikamwambia imeiva, aitie.

Tuanzie kwenye bei. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraini kuvuruga biashara ya mbolea duniani, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, ulipita shilingi 6,000. Septemba ya mwaka huo serikali ilitangaza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na Agosti 2023 ikashusha hadi 2,500. Kuipata kulihitaji mkulima awe amesajiliwa, na shangazi hakuwa kwenye daftari lolote. Wengi wetu Mombasa tunalima viunga vilivyobanwa na nyumba, na hata majirani hawatuhesabu kuwa wakulima.

Ndipo dalali akamletea habari za lori linaloleta mbuzi Mombasa kutoka upande wa Tana River, ambalo hupakia pia magunia ya mbolea ya boma. Magunia 40, shilingi 250 kila moja, yamefikishwa mpaka mlangoni. Shilingi 10,000 kwa mpigo mmoja. Ilikuwa akiba yote ya kiangazi.

Magunia mawili yalikuwa yamebaki nyuma ya banda la kuku. Tulianza na hayo.

Nilichukua chupa ya jemu ya kioo, nikaijaza mbolea hadi theluthi moja, nikamimina maji mpaka karibu na mdomo, nikafunga kifuniko na kutikisa kwa nguvu. Tukaiweka juu ya ukuta wa kisima, tukakaa. Ndani ya dakika mbili mchanga ulikuwa umetua chini, tabaka safi lenye rangi ya kutu. Juu yake ikakaa tope nyeusi. Juu kabisa zikaelea punje za mbuzi, nzima kabisa, zimeloa lakini hazijafumuka hata moja. Shangazi aliweka kidole kwenye kioo akapima: mchanga ulikuwa karibu nusu ya kile kilichotua. Boma la zamani huchotwa kwa sepetu, na sepetu haichagui. Mwenye kuuza kwa gunia hana sababu ya kuichekecha, na mwenye kununua kwa gunia hulipia mchanga wa Tana River aje auongeze juu ya mchanga wake wa Utange.

Zile punje nzima ndizo zilizonifanya nione kosa langu. Mbolea ikikaa bomani kwenye nchi kame hukauka kabla haijaoza. Wadudu wadogo wanaoiozesha wanahitaji unyevu, na wakiukosa husimamisha kazi. Kwa hiyo mbolea inaweza kukaa bomani miaka na bado ikawa mbichi kwa ndani, imelala tu. Niliusoma ukavu nikadhani ni kuiva. Ilipofika kwenye tuta na kumwagiwa maji, ndipo ikaamka na kuanza kuoza palepale kwenye mizizi ya miche. Shangazi alikumbuka kwamba siku ya pili baada ya kumwagilia alisikia pua zinawasha akiinama. Hiyo ilikuwa amonia, gesi kali inayotoka kwenye samadi ikioza. Wakati wa kununua hakukuwa na harufu kwa sababu hakukuwa na maji.

Kisha kuna udongo wetu wenyewe. Ukanda huu wa kuanzia Nyali, Bamburi hadi Shanzu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Katika udongo wa namna hiyo nitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ikiwa katika umbo la amonia hugeuka hewa upesi kuliko katika udongo wenye tindikali. Ukiiacha mbolea juu ya tuta, jua la pwani na upepo humaliza kazi. Shangazi aliitandaza Jumatatu, akaichanganya na udongo Alhamisi kwa sababu kibarua aliumwa. Siku tatu. Sehemu ya kile alichokinunua ilikwenda angani, na iliyobaki ilitosha kuunguza lakini haikutosha kulisha.

La mwisho ni chumvi. Kinyesi na mkojo wa mbuzi vina chumvi, na boma kavu huzikusanya kwa sababu hakuna mvua ya kuziosha. Maji ya kisima cha shangazi nayo yana chumvi, kama visima vingi vya karibu na bahari, na mwisho wa kaskazi, kabla ya masika kushika, huzidi. Mchicha huvumilia. Mche wa biringanya wa wiki tano hauvumilii. Zile kingo za kahawia kwenye majani zilikuwa alama ya chumvi kabla ya kuwa alama ya kitu kingine chochote.

Tulifanya jaribio moja zaidi, na nalipendekeza kwa yeyote kwa sababu halina gharama. Makopo mawili ya maziwa, moja limejazwa udongo wa shamba, la pili udongo na mbolea nusu kwa nusu. Mbegu 20 za mchicha kila kopo, maji ya mvua, kivuli cha mwembe. Siku ya sita kopo la kwanza lilikuwa na miche 17. La pili lilikuwa na 3, imepinda. Laiti tungelifanya hili Machi, na magunia bado yamefungwa, ingetugharimu siku sita badala ya msimu mzima.

Habari ya mathenge inahitaji maelezo yake. Mti huu asili yake ni bara la Amerika. Uliletwa Baringo na Bura, Tana River, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni, kisha ukakataa kukaa ulipopandwa. Maganda yake ni matamu na mbuzi huyapenda mno. Mbegu ni ngumu, hupita tumboni mwa mnyama zikatoka nzima, zimezungukwa na mbolea yake tayari. Ndiyo maana umeenea kufuata njia za mifugo na kingo za mito. Sukari ya maganda yale huwaharibu mbuzi meno, na jamii ya Ilchamus ya Baringo iliposhtaki kuhusu mti huu, mbuzi mwenye mapengo alipelekwa mahakamani Nairobi kuwa kielelezo. Sisi tuliupokea Utange ndani ya magunia, kwa hiari yetu, na tukaumwagilia.

Hapa nataka kutoka nje ya shamba kidogo, maana shangazi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. "Nchi ina mbuzi wote hawa," alisema, "mbolea inakwenda wapi?"

Sensa ya 2009 ilihesabu mbuzi takriban milioni 27.7 na kondoo milioni 17.1 nchini Kenya. Sensa ya 2019 ikakuta mbuzi takriban milioni 28 na kondoo zaidi ya milioni 19. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huchapisha takwimu za nitrojeni ya samadi kwa kila nchi na kila aina ya mnyama, kuanzia mwaka 1961. Ukitazama takwimu za namna hiyo ni rahisi kudhani kuna mtu aliyepita mashambani akipima. Hakuna. Ni hesabu: idadi ya wanyama, mara nitrojeni inayokadiriwa kutoka kwa kila mnyama kwa mwaka, kisha inagawanywa kati ya ile inayobaki malishoni, ile inayokusanywa na kutunzwa, na ile inayotiwa mashambani. Viwango vya kuzidisha na kugawanya vinatoka kwenye miongozo ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kwa sababu shabaha ya kwanza ya hesabu yenyewe ni kukadiria gesi zinazotoka kwenye samadi, wala si kumpangia mkulima.

Kwa hiyo, kwenye mchoro wa takwimu hizo, mstari wa samadi ya mbuzi na kondoo ukipanda mwaka hadi mwaka, kinachopanda hasa ni vichwa vya mbuzi. Ukame ukija, mstari hushuka; mfano ni ukame wa kuanzia 2020 hadi mapema 2023 ulioua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, Kilifi, Kwale na Tana River zikiwemo kwenye maeneo yaliyoumia. Wala mstari haukuambii kitu kuhusu tuta. Mstari unaweza kupanda miaka 20 huku hakuna mkulima hata mmoja wa Kisauni aliyepata karai la ziada. Mbuzi wengi wako Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa, Mandera, wanatembea mchana kutwa na kuacha samadi malishoni, na ile ya usiku hubaki bomani mbali na bustani yoyote. Mkojo, ambao hubeba sehemu kubwa ya nitrojeni, hunywewa na ardhi ya boma au hugeuka hewa kabla ya asubuhi. Siyasemi haya kwa kuzidharau takwimu. Zina kazi yake. Lakini nimewasikia watu wazima wakizitaja mikutanoni kuonyesha kwamba nchi "ina mbolea ya kutosha," na maneno hayo yanamuumiza mtu kama shangazi, kwa sababu yanafanya shida yake ionekane uvivu.

Uzito ndio kikwazo. Chukua samadi ya mbuzi iliyoiva vizuri na kukauka, yenye nitrojeni asilimia moja na nusu. Tani nzima ina nitrojeni kilo 15. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa CAN, mbolea ya dukani ya kukuzia, wenye nitrojeni asilimia 26, una kilo 13. Yaani tani ya samadi, lori, kuli na dizeli, ni karibu sawa na mfuko mmoja unaobebwa kwa bodaboda, na tena ile ya samadi hutoka polepole, sehemu tu msimu wa kwanza. Faida ya samadi ni kule kuushikilia mchanga usivuje maji, na kuupa uhai, na fosforasi na potasiamu na vingine vidogo ambavyo CAN haina. Faida hiyo ni kubwa sana katika udongo wetu. Lakini haiwezi kulipia safari ya Tana River ikiwa nusu ya mzigo ni mchanga.

Jibu la swali la shangazi lilikuwa karibu zaidi kuliko tulivyofikiri.

Mwaka ule Idul-Adha iliangukia Juni 28. Wiki mbili kabla yake, kama kila mwaka, mbuzi walijaa kando ya barabara za Kisauni, wamefungwa chini ya miti, wanakula majani waliyoletewa, wanakojoa palepale juu ya mabaki ya majani hayo. Ndicho kitu bora kabisa ambacho mtu wa bustani anaweza kupewa: punje mbichi, mkojo ulionyonywa na majani makavu, na hakuna mchanga mwingi kwa sababu wauzaji hufagia kila asubuhi. Wakishafagia, hutupa. Nyingine huzolewa na gari la taka hadi jaa la Mwakirunge, na nyingine hubaki mtaroni. Nilimfuata muuzaji mmoja, mzee wa makamo, nikamwomba. Akashangaa kwanza, kisha akasema: "Chukua, mwanangu, utakuwa umenipunguzia nzi." Kwa siku tisa tulizoa magunia 31 kwa tuktuk ya binamu yangu. Gharama yote ilikuwa mafuta, na soda za vijana walioshika reki.

Safari hii hatukukimbilia kwenye tuta. Tulipanga lundo kwenye kivuli: tabaka la mabua ya mahindi na nyasi, tabaka la mbolea, maji kidogo, tena mabua, mpaka likafika kifuani kwa shangazi, na upana wa hatua mbili. Lundo dogo halishiki joto, na joto ndilo tulilolitaka. Tulichomeka nondo katikati. Siku ya tatu niliichomoa nikashindwa kuishika zaidi ya kuhesabu tatu. Lundo likifika nyuzi 55 na kupita, likakaa hapo siku kadhaa, na ukaligeuza ili cha nje kiingie ndani, vimelea vingi hufa na mbegu nyingi za magugu pia. Tuligeuza mara tano ndani ya wiki saba. Kila tukigeuza tulikuta pembe moja imekauka na kuwa jivujivu, tukailowesha. Ule ulikuwa mtego uleule wa boma la Tana River, umo ndani ya lundo letu.

Kuhusu vimelea nisipite haraka. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linaloliwa ambalo linagusana na udongo, na siku 90 kwa lile lisilogusana. Mchicha wetu huvunwa ndani ya wiki nne. Dania inayowekwa mbichi kwenye kachumbari haifiki hata miezi miwili. Kwa mboga za namna hii hakuna hesabu inayoiruhusu samadi mbichi, hata kama haiunguzi. Shangazi alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema wateja wake wengine ni wajukuu zake.

Mwishoni mwa Septemba lundo lilikuwa limeshuka hadi magotini. Lilikuwa jeusi, linanukia kama udongo wa chini ya mwembe baada ya mvua, na punje zilifumuka ukizibonyeza kwa vidole. Jaribio la makopo: 18 kwa 17, kopo la mbolea likiongoza. Tuliitia matuta manne na kuifukia siku ileile, kabla ya saa sita.

Miche ya biringanya ya vuli ilishika yote isipokuwa minne iliyoliwa na sota, viwavi wanaokata mashina. Mchicha ulikatwa mara tatu kwenye tuta moja. Matuta mengine manne hayakupata kitu, na tofauti ilionekana kwa mtu anayepita barabarani. Hata hivyo sukuma wiki zilipofika wiki ya tano zilianza kupauka kwenye majani ya chini, na shangazi akanunua CAN ya kupimiwa, akaweka kifuniko kimoja cha soda kila shina. Sioni aibu katika hilo. Samadi ilitengeneza mahali ambapo CAN haikuvuja kwenda chini na maji.

Novemba ikaja na mvua za El Niño. Lundo la pili, tulilolianza Oktoba kwa mbolea kutoka kwa jirani mwenye mbuzi wanane, lilikuwa limefunikwa kwa turubai lenye tundu. Siku mbili za mvua ya mfululizo ziliteremsha maji kama kahawa kutoka chini ya lundo, yakapita mlangoni, yakaingia barabarani. Shangazi alitoka na ndoo, ananyeshewa, akajaribu kuyakinga. Alipata ndoo nne, akazimimina kwenye shina la mnazi. Tulipofunua lundo wiki iliyofuata, lilikuwa baridi na limeshikamana kama tope la mikoko. Sasa lundo linakaa juu ya sakafu ya mawe yaliyoinuliwa, chini ya paa la mabati chakavu, na mtaro mdogo unapeleka maji yake kwenye shimo la migomba.

Jirani yule wa mbuzi wanane halipwi pesa. Hupelekewa mabua ya mchicha na majani ya sukuma wiki yasiyouzika, naye huhifadhi mazoleo kwenye pipa lenye kifuniko. Kila Ijumaa kijana wake huleta magunia mawili.

Mathenge bado inachipua. Tuling'oa mwaka 2023 wote, tukang'oa na 2024, na hasa mvua inaponyesha huibuka kimoja au viwili pembezoni mwa tuta la tatu. Shangazi ameshazoea kuvitambua vikiwa na majani mawili tu, na huving'oa na mzizi wake, halafu huvichoma.

Dalali alipiga simu tena, lori linakuja, mara hii magunia 50 kwa bei ya chini. Shangazi aliweka simu sauti ya juu ili nisikie. Hakumkatalia. Alimuuliza mbuzi hao wanakula nini, na boma limechotwa lini. Kisha akamwambia atume konzi moja kwa dereva, imetiwa kwenye chupa, na ampe siku sita.